Kitabu Ulichonunua ni Chako

Hotuba kwa mkutano wa wazazi na walimu, Mtwara Mjini

Ndugu Mwenyekiti, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi wenzangu, wazee wetu mliokaa mbele, na ninyi wanangu mliojazana madirishani: shikamooni wote mnaostahili shikamoo yangu. Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe.

Sitazunguka. Kamati imeleta mezani jambo moja: fedha tulizochanga baada ya minada ya korosho zinunue nini. Wako wanaotaka vishikwambi pamoja na vile vifaa vya kusomea vitabu vya kielektroniki. Wako wanaotaka vitabu vya karatasi na makabati ya kuvitunzia. Mimi nimefundisha Kiswahili sekondari mpaka nimestaafu, na niko upande wa karatasi. Waliopendekeza vishikwambi wanawatakia watoto wetu mema kama ninavyowatakia mimi, kwa hiyo nitajitahidi kusema kwa haki.

Kwanza tukijue kifaa chenyewe, maana wengi wetu tunakisikia tu. Kinachojulikana zaidi ni Kindle, ambacho kampuni ya Amazon ilikitoa Marekani mwaka 2007. Si simu, na ukikifananisha na simu unakionea. Ndani ya kioo chake mna vifuko vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na ndani ya kila kifuko mna chembe nyeusi na chembe nyeupe zenye chaji. Umeme ukipita, ama nyeusi zinapanda juu ama nyeupe, na hapo herufi zinajichora. Ukurasa ukishajichora unakaa hivyo hivyo bila kula umeme mpaka ugeuze mwingine. Ndiyo maana ukikichaji kinaweza kwenda wiki kadhaa. Kimoja kinabeba maelfu ya vitabu, na bibi ambaye macho yamefifia anakuza herufi mpaka zimtoshe. Hilo la bibi kitabu cha karatasi hakiliwezi. Kwa mzee wa namna hiyo, mwenye uwezo na akinunue, asingoje ruhusa yangu.

Vilevile Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye Maktaba Mtandao yake, na walimu walipewa vile vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya mwaka 2022. Mwalimu aliyeko ndani ndani kule Nanyumbu, kitabu cha somo lake hakijamfikia, anakisoma humo na darasa linaendelea. Hilo ni jema na liendelee. Lakini leo tunamzungumzia mwanafunzi, na tunazungumzia shilingi ambayo ukiitumia hapa huwezi kuitumia kule.

Sasa niingie kwenye kusoma kwenyewe.

Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti ulioongozwa na Anne Mangen, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Stavanger, Norwei. Watu 50 walipewa hadithi moja ya kurasa 28. Nusu yao waliisoma kwenye Kindle, nusu kwenye kijitabu cha karatasi. Halafu wakaulizwa maswali. Kwenye maswali mengi walilingana, na hili nalisema wazi ili mtu asije akadhani nachagua linalonifaa tu. Tofauti ilijitokeza kwenye wakati na mpangilio wa matukio: lipi lilitangulia, lipi likafuata. Hapo waliosoma karatasi walifanya vizuri zaidi.

Kwa nini? Maelezo ya watafiti hao yanakubaliana na nilichokiona darasani. Shikeni kitabu mkononi, chochote. Ukiwa mwanzoni, upande wa kushoto ni mwembamba na wa kulia ni mnene. Unavyoendelea, kushoto kunanenepa, kulia kunapungua. Kidole gumba kinajua uko wapi hata kabla jicho halijaangalia namba ya ukurasa. Mwanafunzi akitafuta pale mhusika mkuu alipofukuzwa nyumbani, utamsikia, "Ilikuwa huku nyuma, ukurasa wa kushoto, chini." Kumbukumbu yake imeshika mahali. Kwenye kifaa kila ukurasa uko pale pale, unene ni ule ule, uwe umesoma robo au umebakiza mistari miwili. Kinakuonyesha asilimia, ndiyo, lakini asilimia ni namba tu, mkono hauishiki.

Walimu wa fasihi mlioko hapa, mnajua msuko unavyowatesa watoto. Mtoto anakujibu vizuri kuhusu wahusika, anakujibu vizuri kuhusu dhamira, ukimwambia akupangie matukio anayachanganya kama aliyesimuliwa kitabu na mwenzake. Ndipo pale pale karatasi iliposaidia.

Mwaka mmoja kabla, 2018, watafiti wa Hispania na Israeli walitoa kazi kubwa zaidi. Walikusanya tafiti 54 zilizofanywa kati ya mwaka 2000 na 2017, zenye washiriki zaidi ya 170,000, wakalinganisha ufahamu wa kusoma kwenye karatasi na kwenye skrini. Kwa hadithi peke yake, kwa jumla hawakuona tofauti. Kwa maandishi ya kutoa maarifa, yaani ya namna ya Bayolojia, Historia na Jiografia, karatasi ilikuwa mbele. Si kwa pengo la kutisha, ila lilikuwepo, na liliongezeka msomaji alipowekewa muda. Kuna jingine lililonifanya nisome ripoti hiyo mara mbili. Mtu ungetegemea kwamba kadiri miaka inavyokwenda, na watoto wanavyozaliwa na skrini mikononi, pengo lingefifia. Wao walikuta limekua.

Wanangu wa kidato cha nne, mtihani wenu wa Taifa una saa ya kuanza na saa ya kukusanya karatasi. Unafanywa kwa kalamu. Na sehemu kubwa ya mnachosoma ni hayo hayo maandishi ya kutoa maarifa. Sioni kwa nini tuwafanyishe mazoezi kwenye kitu kimoja halafu tuwapime kwenye kingine. Uswidi, nchi tajiri ambayo shule zake zilijaa kompyuta kabla sisi hatujaota, serikali yake mwaka 2023 ilitenga fedha za kurudisha vitabu vya kiada vya karatasi madarasani. Waliokwisha kupita njia hiyo wanageuza, nasi tunataka kuianza.

Hayo ni ya kusoma. Lakini sababu iliyonifanya niombe nafasi ya kusimama hapa ni ya umiliki, na hapa naomba wazazi mnisikilize sana, kwa sababu fedha ni zenu.

Ukinunua kitabu cha kielektroniki kwenye maduka makubwa ya aina hiyo, hununui kitabu. Unanunua ruhusa ya kukisoma. Imeandikwa kwenye yale masharti marefu ambayo kila mtu anabonyeza "nakubali" bila kuyasoma. Ruhusa hiyo ni yako peke yako: huwezi kuiuza, huwezi kumwachia mtu. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo, na hii ni nguo ya kuazima ambayo umeilipia bei ya dukani.

Msije mkadhani natia chumvi. Julai 2009 watu huko Marekani waliwasha Kindle zao wakakuta vitabu viwili vya George Orwell havimo. Kimojawapo ni kile ambacho sisi kwa Kiswahili tunakiita Shamba la Wanyama. Ilikuwa imegundulika kwamba aliyeviweka sokoni hakuwa na haki navyo, basi Amazon ikavifuta kwa mbali, kutoka kwenye vifaa vya watu waliokwisha kulipa, ikawarudishia fedha. Mwanafunzi mmoja wa sekondari wa jimbo la Michigan alikuwa anaandaa kazi ya shule na kuandika madokezo yake humo. Kitabu kilipoondoka, madokezo yalibaki yakiashiria kurasa ambazo hazipo. Akaenda mahakamani, wakamalizana kwa makubaliano. Mkuu wa kampuni, Jeff Bezos, aliomba radhi hadharani. Radhi tunaipokea. Mimi nauliza swali moja tu: duka lililokuuzia kitabu limepata wapi ufunguo wa kuingia chumbani kwako usiku na kukichukua?

Miaka kumi baadaye, Aprili 2019, Microsoft ilifunga duka lake la vitabu vya kielektroniki. Kufika Julai vitabu vyote vilivyonunuliwa humo vikaacha kufunguka. Watu walirudishiwa fedha zao, na waliokuwa wameandika madokezo kwenye vitabu hivyo wakaongezewa dola 25. Microsoft, ndugu zangu, si duka la uchochoroni. Kama kampuni ya ukubwa ule inaweza kuamka asubuhi na kuamua biashara hii basi, sisi wa Mtwara tutamwendea nani kudai?

Kitabu cha karatasi ulichonunua ni chako. Mwenye duka akifilisika, ni chako. Mchapishaji akigombana na mwandishi, ni chako. Bando likiisha, ni chako. Utakipigia mistari, utaandika jina la mwanao ndani ya jalada, utamwazima jirani, utakirithisha.

Hapo kwenye kurithisha nisimame kidogo. Kwetu huku, kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, mjomba ana neno lake kwa wapwa zake. Nimeona vitabu vikitoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa, mpwa akimaliza kidato cha sita kikaenda kwa mdogo wake, kutoka Newala mpaka Masasi, kutoka Masasi kurudi Tandahimba. Kinapofika kwa wa tatu jalada limeshabadilishwa, kona zimeviringika, pembeni kuna majibu ya maswali yaliyoandikwa kwa mwandiko wa mtu ambaye sasa ni daktari. Mtoto anayesoma kitabu hicho anasoma vitu viwili: kitabu, na ndugu yake alivyokisoma. Anaona ndugu yake alikosea wapi akafuta, aliona nini cha maana akapiga mstari mara mbili. Huo ni ualimu wa bure ndani ya ukoo. Ruhusa ya kusoma haifanyi hivyo, imekatazwa kufanya hivyo.

Tena sisi wa Kusini tusifundishwe na mtu thamani ya karatasi. Miongoni mwa maandishi ya Kiswahili ya kale zaidi yanayojulikana duniani ni barua zilizoandikwa Kilwa, hapo mkoani Lindi, mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu, zikapelekwa Msumbiji. Leo zimehifadhiwa Goa, India. Zimepita miaka zaidi ya 300. Hakuna aliyezichaji, na anayejua herufi zile anakaa nazo mezani, anazisoma.

Bado ni Lindi. Abdul Karim bin Jamaliddini, mtu wa Lindi, alitunga utenzi juu ya Vita vya Majimaji, vita vilivyopita juu ya ardhi hii mwaka 1905 hadi 1907. Utenzi huo ulikuja kuchapishwa mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa na W. H. Whiteley. Babu aliweka maneno yake kwenye karatasi, watu wakayatunza, sisi tumeyapata. Na upande wa Masasi, Wabenediktini walioanza Ndanda mwaka 1906 walikuja kuwa na kiwanda chao cha uchapaji pale pale Ndanda. Vitabu vimechapwa ndani ya mkoa huu huu wetu. Nawaambia wanafunzi kwa sababu wengi hawajui, wanadhani kitabu lazima kitoke Dar es Salaam.

Nikitaja Dar es Salaam, mnakumbuka Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilipita mwanzoni mwa mwezi, mvua ikakata barabara kule Somanga, magari yakalala njiani, Kusini tukawa kisiwa. Barabara haijakaa sawa, tarehe 12 Mei mikongo ya intaneti inayopita chini ya bahari ikapata hitilafu, na Tanzania ikawa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Mtu wa vishikwambi atasema, na atakuwa na haki, kwamba vitabu pia huja kwa barabara ile ile. Kweli. Lakini kitabu kikishavuka Rufiji na kuingia kabatini, kimevuka. Hakihitaji kuvuka tena kila wiki. Wiki zile mwanafunzi aliyekuwa na kitabu chake aliendelea kusoma kana kwamba hakuna kilichotokea. Umeme wetu nao mnaujua wenyewe, sihitaji kuueleza mbele ya mtu wa Mtwara.

Nisije nikaonekana nasifia tu. Karatasi ina maadui, na Mtwara tunao wote. Mchwa wa kwanza. Unyevu wa bahari wa pili: kitabu kilichobanwa ukutani Mikindani au Shangani kinavimba, gundi inaachia, kurasa zinaota madoa ya kahawia. Wengine huweka vitabu stoo moja na mifuko ya salfa ya mikorosho, vumbi lake linaingia mpaka ndani ya mshono. Na mikono ya watoto nayo. Kwa hiyo anayesema tununue vitabu halafu tuvirundike ofisini kwa mwalimu wa zamu, huyo nami simuungi mkono. Bora tusinunue.

Ninachokiomba ni hiki. Tununue makabati ya chuma, yakae hatua moja kutoka ukutani, miguu yake tuikalishe kwenye makopo yenye oili chafu. Mchwa havuki oili. Tununue vitabu vya kiada kwanza, vya kutosha ili wanafunzi wawili washiriki kimoja, wasiwe sita, saba. Kisha riwaya, tamthiliya na diwani za Kiswahili, maana nyingi kati ya zile tulizosoma sisi huzikuti kabisa kwenye maduka ya kielektroniki, hata mtu awe na kadi ya benki ya kulipia. Kila tukichagua kati ya toleo lililogundishwa na lililoshonwa, tuchukue lililoshonwa hata kama bei imepanda kidogo. Mkitaka kulijua, kifungueni kitabu katikati mchungulie mgongoni: lililoshonwa utaona uzi na kurasa zimekunjwa mafungu mafungu, lililogundishwa utaona gundi tupu, na baada ya mihula miwili utaona kurasa sakafuni.

Na vitabu vitoke. Kitabu kisichoazimwa hakina kazi. Daftari moja la kuazima, asimamie mwanafunzi mwenyewe, mwalimu akague Ijumaa. Mtoto akipeleka kitabu nyumbani, mama asiyejua kusoma ataona mwanawe ameinama juu ya kitabu, atajua anasoma. Akimwona ameinama juu ya kishikwambi hawezi kujua kama anasoma au anaangalia mpira, na mtoto mwenyewe, katikati ya aya ngumu, mpira uko umbali wa kidole kimoja. Najua vile vifaa vya kusomea tu havina mpira, lakini ukiangalia kwenye karatasi ya bei iliyoletwa na kamati, vingi vilivyoorodheshwa ni vishikwambi vya kawaida. Someni wenyewe, ukurasa wa pili.

Ikibaki fedha, na inunue kishikwambi kimoja au viwili vikae kwa mwalimu wa taaluma, kwa ajili ya Maktaba Mtandao, na kwa ajili ya mwanafunzi mwenye uoni hafifu ambaye anahitaji herufi kubwa. Huyo asisahaulike. Watatu ninaowajua katika shule hii wanakaa dawati la mbele na bado wanaomba kusomewa.

Kazi ya kujaladi vitabu sitaki tuwalipe watu. Tufanye wenyewe Jumamosi, vikishafika. Akina mama wa mtaa wetu wameshakubali, kaki tutanunua kwa bunda, mwenye mkasi aje nao, na wanafunzi wa kidato cha pili watagonga mihuri. Mafundi wa chuma wa Chikongola nimeongea nao juu ya makabati, bei yao iko kwa mweka hazina.

Ndugu Mwenyekiti, hoja yangu ndiyo hiyo. Naomba ipigiwe kura leo, kabla watu wa Mikindani na Naliendele hawajaanza kuondoka kuwahi magari. Asanteni kwa kunisikiliza.